Besi ya Wimbo wa Mbuani

Mpendwa Baba,

Umelala zako huko Kathiani, kazi umetuachia sisi. Ndiyo tabia yako.

Watu wanakukumbuka kwa nyimbo za kanisa, za Krismasi na za harusi. Mimi najua kazi zako kubwa ulizitungia nchi isiyokuwepo. Nilikuwa na miaka minane, mahindi yamekauka msimu wa pili, nami nimesusia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, usio na maharagwe. Ukaniambia kuna nchi inaitwa Mbuani, ambako mvua ikiombwa kwa adabu inakuja. Nikawa waziri wa mawingu, wewe ukawa mtunzi wa taifa zima. Ulitunga wimbo wa kupanda kunde, wa kubembeleza ng'ombe mkaidi, kisha wimbo wa taifa. Tuliuimba tukitoka mtoni na maji, Mama akatuita wendawazimu wawili.

Juzi Mutiso, mwalimu wa kwaya, aliukuta wimbo huo kati ya karatasi zako za solfa.

"Hii tutaimba Jumapili, kwa ukumbusho ya mzee," aliniambia. "Lakini besi iko wapi? Ameandika sauti tatu tu."

Nilicheka, kisha nikalia. Hukuwahi kuandika besi ya wimbo wowote. Nilipokuuliza ulinijibu, "Si besi ni mimi? Na niko hapa." Sasa hupo, Baba, na nyimbo zako zote zinachechemea.

Nikamdanganya Mutiso kwamba siijui. Naijua sana. Niliisikia kupitia mgongo wako, uliponibeba nikiwa nimechoka na njia. Ulikuwa uchoyo tu: Mbuani ilikuwa na raia wawili, sikutaka watu arobaini wa kwaya waingie na viatu vyao.

Jana nilipita kanisani wakati wa mazoezi. Sauti tatu zinaimba, na wanaume wa besi wamesimama kimya wakitazama sakafu. Niliona aibu. Nafasi yako ilikuwa pale wazi, na mimi ndiye niliyeifungia mlango.

Leo nimeiandika, nota kwa nota, na mchana nimempelekea Mutiso. Kesho naanza wimbo wa kunde, halafu wa ng'ombe, halafu zile za kanisa, kabla na mimi sijazoea kusema kama wewe, "Niko hapa".

Pumzika, Baba. Jumapili wakikosea, usikohoe kama zamani.

Binti yako,
Waziri wa Mawingu