Doa Jeupe Kando ya Nyota

Marseille, 3 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Kondoo hawajambo? Na lile goti limepunguza kelele? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nina neno, ila ni siri. Kile kifuniko nilichokichora, kioo chenye doa jeusi katikati la kuziba mwanga wa nyota ili sayari iliyo kando yake ionekane, tumekijaribu kwenye nyota ya kweli. Babu, pembeni nimeona kidoa cheupe! Nadhani ni sayari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona. Hata mkuu wetu, Bi Estelle, sijamwambia bado.

Unajua vifuniko viko viwili, changu na cha wenzetu. Kimoja tu kitakwenda Chile kufungwa kwenye darubini kubwa, na aliyekichora ndiye atakayekwenda nacho. Niombee. Na usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Maylis

Campan, 9 Mei

Maylis wangu,

Marahaba. Goti linapiga kelele kama kengele ya kanisa, lakini mwenyewe nipo, nadunda.

Siri yako nimeitunza. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Cazaux tu, na Cazaux si mtu, ni nyumbu. Basi nyumbu yule akatoka mbio, na nilipofika baa nikakuta watu wamejaa wananingoja. Ningefanyaje? Nikasimama juu ya kiti.

Nikawaambia: wahenga walisema jua halifichwi kwa ungo, mjukuu wangu anaficha nyota kwa kioo kama sahani ya kahawa! Na kipaji kakitoa wapi? Kwangu. Mwaka ule wa theluji kubwa mimi niliziba jua kwa bereti, nikamwona dubu yuko mlima wa pili. Nikampigia mluzi, akanipisha njia.

Cazaux akauliza, "Huko kwenye hiyo sayari kuna nyasi?" Nikamjibu, "Mpaka magotini!" Nimeipa jina Lacrampe, kwa heshima ya ukoo. Kijana wa gazeti la mkoa kanipiga picha. Nimetoka vizuri sana.

Babu yako,
Fernand

Marseille, 22 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Ile sayari haipo. Bi Estelle ndiye aliyeipachika. Ndiyo desturi ya kazi yetu: mkuu huweka sayari za uongo ndani ya picha kimyakimya, apime kama vifuniko vyetu vitazionyesha. Nilijua hilo tangu wiki yangu ya kwanza. Furaha ikanisahaulisha.

Jana kaniita. Gazeti lilikuwa mezani. "Maylis," akasema, "sayari yangu ya uongo imetoka gazetini, na kando yake kuna mzee kavaa bereti. Ni nani huyu?"

"Babu yangu."

"Kifuniko chako kimeshinda. Kinaziba kuliko cha wenzako. Lakini mdomo wako hauzibi, na siwezi kumpeleka Chile mtu anayetangaza kabla hatujahakikisha."

Akanipa mpaka mwisho wa Juni. Habari ikanushwe kule kule ilikotoka, la sivyo kifuniko kitakwenda na mtu mwingine. Kosa ni langu, nilikuambia mimi. Lakini aliyesema gazetini ni wewe. Najua hujawahi kurudisha nyuma hadithi hata moja. Nakuomba, Babu.

Maylis

Campan, 27 Mei

Maylis,

Marahaba. Barua nimeisoma, nikaisoma tena. Nimekwenda kwa kondoo.

Babu

Campan, 25 Juni

Maylis wangu,

Salamu nyingi. Umeniandikia mara mbili nami kimya. Usinihesabie ubaya, nilikuwa nazunguka baa kwa nje kama paka aliyemwagiwa maji.

Jumapili moja baada ya misa nikaingia. Nikasema, "Jamani, sayari hakuna."

Cazaux akaninong'oneza, "Wamekutisha, eti?"

"Nani anitishe? Nasema hakuna!"

"Sawa, sawa, hakuna," akasema, na jicho akanikonyeza. Mke wa mwokaji akadakia, "Maskini, serikali imemkataza kusema."

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana kwa kaburi hilo hilo niliapa kwamba nilimwona yule dubu. Maylis, miaka yote nawapiga uongo, wananiamini. Nimesema kweli siku moja, naitwa mwongo!

Basi nikamwita kijana wa gazeti. Nikamwambia, andika: mzee Lacrampe hajui lolote kuhusu sayari, alisema kwa domo lake refu, na mjukuu wake hana hatia. Akauliza, "Niandike domo refu?" Nikamwambia, "Liandike kwa herufi kubwa." Kipande hiki hapa, mpelekee huyo Bi Estelle wako.

Wakashawishika, wakanicheka mpaka wakalia. Sasa wamenishonea mdoli wa nguo, mkubwa kama mtu, kama tunavyomfanyia kila anayechekesha bonde. Wamemkalisha dirishani, chupa jichoni kama darubini, bereti kichwani. Nimewanywesha divai ili wamtoe, kama desturi inavyotaka, lakini bado hawamtoi. Tumbo wamemwekea kubwa mno. Hilo tu ndilo limeniuma.

Babu yako,
Fernand

Chile, 11 Oktoba

Babu yangu,

Shikamoo sana. Goti linaendeleaje? Kondoo wameshashuka kutoka mlimani? Mimi mzima, nanenepa kwa maharage ya huku.

Kipande cha gazeti Bi Estelle amekibandika ukutani ofisini kwake. Kila mgeni kazini anaambiwa akisome. Siku naondoka aliniambia nikusalimie.

Kifuniko tumekifunga kwenye darubini, na tumeanza kazi. Tumeona nini, au kama tumeona chochote, siwezi kukuambia. Itachukua mwaka kuhakikisha. Ila leo asubuhi nimekunywa chai huku naimba, na mimi, unajua, siimbi.

Mjukuu wako,
Maylis

Campan, 24 Oktoba

Maylis wangu,

Marahaba. Sote wazima, kondoo wameshuka.

Barua imefika. Baa nzima wakaniuliza umeandika nini. Nikasema umeomba soksi.

"Soksi tu?" Cazaux akauliza.

"Soksi tu."

Akanitazama weee. Nikanywa divai yangu, nikaenda nyumbani.

Soksi nimezituma pamoja na barua hii, isije ikawa nimesema uongo.

Babu