Kidole cha Mkwe

Jumatatu.

Nimemng'ata mkwe wangu kidole, mume wa binti yangu. Nilidhani anatibia meno Kisii mjini; kumbe leo wakubwa wake wamemleta kliniki yetu ya Keroka. Kwetu mkwe haingii hata chumba ninacholala, sembuse mdomo wangu.

Alikuwa ameegemeza kidole kwenye jino lililo jirani na lile bovu, ili kijiko cha kukwangua uozo kisiteleze. Aibu ikanipanda, nikafunga mdomo.

Hakulalamika. "Mama, fumba macho. Mimi naangalia kioo tu, sikuangalii wewe."

Nikafungua mdomo, nikachungulia kwa jicho moja. Kweli, aliangalia kile kioo kidogo alichokitia mdomoni mwangu mpaka akaziba jino, kidole kikiwa na plasta chini ya glavu mpya.

Jino limenyamaza. Jumapili yeye na binti yangu wanakuja kula. Nitamchinjia jogoo mkubwa, lakini mimi nitabaki jikoni.