Karatasi za Kushuka

Jumatatu, 9 Juni

Nafula, aibu. Chuo kikuu chote hicho, halafu unarudi hapa mpakani Malaba kulala mchana kama mgonjwa, na homa huna. Nimemwambia hivyo usoni. Amegeukia ukuta.

Karanga nimekaanga peke yangu. Gorogoro nne, mikebe ya kilo mbili mbili. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, zimeisha kabla ya saa nane.

Mjukuu wangu ameshindwa na kipande cha chumvi. Nimekasirika.

Jumanne, 10 Juni

Ameongea. Ilibidi nimpe uji kwanza.

Si chumvi. Ni punje wanatengeneza wenyewe huko chuoni, kwa vitabu inaitwa fuwele. Wanaipasha moto polepole huku wanaimulika na taa ya leza. Mwanga mwingi unarudi vile ulienda. Kidogo sana unarudi umebadilika, na huo kidogo ndio mashine yao ya Raman inachora. Karatasi inatoka na milima. Mlima ni vile punje inatikisika ndani. Ikijipanga upya ndani, milima inahama. Kwa macho punje ni ile ile, haijayeyuka. Ndani imekuwa kitu kingine.

Hapo nimeelewa. Kuna watu wa hivyo kanisani.

Shida ni kupoza. Kupanda, milima inahama vizuri. Kushuka, inakataa kurudi kwa joto lile ilihamia. Mwalimu wake amesema punje zimechafuka. Asipopeleka kitu cha kueleweka kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, hamalizi masomo mwaka huu. Na aliyemlipia ada hatalipa mwaka mwingine.

Kwa hiyo amekuja kulala.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimefanya kazi.

Asubuhi nikapata furushi la karatasi kwa kikapu cha kuni. Zake. Eti niwashie jiko. Nikachoma moja. Ya pili nikaiangalia.

Niliacha shule darasa la nne, lakini namba nazijua. Juu ameandika joto, na mshale mdogo unaoangalia chini. Karatasi zote za mshale wa chini amenipa nichome. Za mshale wa juu amezificha kwa begi kama dhahabu.

Nikazitoa zote. Nikazipanga kwa mkeka wa kuanikia karanga, kila moja na jiwe. Za kupanda huku, za kushuka kule. Kuku nikafukuza.

Kuna mlima mdogo kushoto. Kwa za kupanda hauko hata mara moja. Kwa za kushuka unatokea, unakaa karatasi tatu nne, unaondoka. Alipima punje tatu. Zote tatu, joto lile lile.

Nikamwita. Akasema, "Ni uchafu tu, Kukhu," ndivyo ananiita mimi nyanya yake.

"Uchafu gani unakuja mara tatu mahali pamoja halafu unajiondokea?"

Akaziangalia tena.

Nikamwambia: "Mimi nikienda Uganda kuchukua karanga, nakaguliwa kwa ofisi ya upande wao. Nikirudi, ofisi ya kwetu. Ukinitafuta jioni kwa ofisi ya asubuhi hunipati. Nitakuwa nimepotea?"

Akainama kwa mkeka. Alikaa hapo mpaka jua likamchoma shingo. Halafu akaanza kuandika juu ya mkono wake, kwa sababu kalamu iko na karatasi hana. Karatasi zote zilikuwa chini ya mawe.

Ile niliyochoma iko kwa kompyuta, anasema. Msamaha sijaomba. Aliiweka kwa kuni yeye mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Ameondoka na basi la kwanza. Hakunywa chai.

Jumapili, 15 Juni

Hajapiga simu. Mahubiri sikusikia. Kama nimemdanganya mtoto na maneno ya mpakani, basi ni mimi nimemmaliza.

Jumatano, 18 Juni

Amepiga. Amepoza punje ya nne, mpya, safi, polepole kuliko zote. Alipofika kwa joto lile akalisimamisha hapo. Mlima ukatokea. Ukakaa. Akamwita mwalimu aje akae kwa mashine mwenyewe. Mwalimu akapima ya tano kwa mkono wake.

Ni mpangilio wa tatu, kati ya ule wa baridi na ule wa moto. Punje inaupitia ikirudi tu, ikienda haiupitii.

Nilijua.

Ijumaa, 20 Juni

Amepita. Anamaliza mwaka huu.

Mwalimu aliuliza nani alimwonyesha kuzipanga hivyo. Akasema ni nyanya yake, anauza karanga Malaba. Mwalimu na wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akarudia tena, wakanyamaza.

Nimetembea foleni yote ya malori, mwanzo mpaka mwisho, nikiwaambia. Dereva mmoja akaniuliza, "Sasa mama, hiyo punje inaliwa?" Nikamwambia anunue karanga aache ujinga. Alinunua pakiti mbili.

Jumapili, 22 Juni

Amerudi. Amelala, lakini huu ni usingizi wa mtu aliyefanya kazi, nimemwacha.

Mkeka sasa uko wazi kwa karanga. Karatasi zimejaa begi, za kupanda na za kushuka pamoja.

Akiamka achambue karanga za kesho. Halafu aende kwa fundi wa mbao aniletee maranda ya kuwasha jiko.