Babu Bubu na Maneno ya Mrumi

Mpendwa Shangazi Generosa, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni Mhaya, naishi huku ughaibuni, Walthamstow, mwaka wa sita sasa namhudumia nyumbani kwake Bwana Ulrich, mwalimu mstaafu wa Kilatini, macho yamefifia, na kila asubuhi nikimnyoa ananisimulia mawazo ya kiongozi mmoja wa Roma ya kale, mwanafalsafa pia, jina silitaji maana wenzangu watagugo wanijue, aliyefundisha kwamba mtu asiye na shukrani hata wema wake mwingine hauna mizizi. Sasa kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu Deus nikapewa maiki ghafla, nikaona nikimtaja Mrumi watasema najifanya Mzungu, nikasema, "Babu yangu kule Muleba alizoea kusema," basi ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na tangu hapo kila harusi, kila msiba, ni "mleteni mjukuu wa babu", nami kila asubuhi nachota neno jipya. Bwana Ulrich, ambaye nilimwambia nawapelekea wenzangu maneno ya Mrumi wake, huuliza, "Did your people like him?" yaani wamempenda? namjibu ndiyo, wanamsalimu sana.

Wiki iliyopita video ikarushwa kwenye grupu ikafika Muleba kwa baba. Akanipigia, sauti ya chini: "Mwanangu, baba yangu alizaliwa bubu. Hukuwahi kuniuliza habari zake. Leo unamsemesha ili upigiwe makofi?" Akakata, na hapokei simu tena. Shangazi, sikujua, babu alifariki kabla sijazaliwa. Naona aibu mpaka kwenye basi nainamisha uso. Jumamosi ni send-off ya Vaileth, binti wa Deus, nimeshatangazwa kuzungumza. Nisingizie ugonjwa?

Mwenye Aibu, Walthamstow

*

Mwenye Aibu, pole. Lakini usikimbilie kuitibu hiyo aibu, inakufaa.

Kumsikiliza Mrumi si kosa. Maneno yake yamevuka miaka elfu mbili bila viza, wewe ndiye uliyeyabadilishia jina mlangoni. Umefundisha shukrani kwa maneno ya mtu usiyemshukuru, uliyopewa na mzee usiyemshukuru, ukambandikia babu ambaye hata hukumuulizia! Ungelikuwa wangu ningekuvuta sikio.

Huumwi, kwa hiyo utakwenda. Bwana Ulrich mwambie ukweli kesho, ila wembe uweke chini kwanza. Jumamosi simama, mtaje Mrumi kwa jina, mtaje Bwana Ulrich, useme babu yako alikuwa bubu na wewe ulidanganya. Watakaoguna waache wagune. Usitie utani wa kujiokoa.

Baba yako ndiye wa kwanza, leo hii. Meseji ya radhi yenye emoji za maua usitume. Mwombe mama ampelekee simu mkononi, na ukisikia anapumua tu, usijitetee. Sema, "Nisamehe baba," kisha muulize babu alikuwa akishukuru vipi bila maneno. Halafu nyamaza, hata akichelewa kujibu. Jibu analo, amekaa nalo miaka yote hiyo bila mtu wa kumuuliza.

Akikwambia, kwa mfano, babu alikuwa akishika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, basi Jumamosi ukimaliza kukiri, mshike Vaileth hivyo hivyo, kisha rudisha maiki ukae.