Kaengesa Haifutwi

Jumatatu, 7 Julai 2003
Vita Majengo! Mama Redempta, mwenye kibanda cha gemu, katangaza leo: CD mpya ya mpira imefika kutoka Tunduma, na kadi ya kuhifadhia imejaa. Ya zamani ifutwe, mpya ikae. Kibanda kikagawanyika pale pale kama kwaya iliyokosana na mpiga kinanda. Wazamani huku, Wapya kule.
Mimi Mzamani. Miaka sitini na nane, mzee peke yangu mle ndani, na nimepigana na ile pedi ya kuchezea mwaka mzima. Timu yangu inaitwa Kaengesa, kama kijiji chetu. Nimeiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, na darasa langu la nne. Golini marehemu kaka yangu Isdori. Katikati Fransisko, jirani yetu wa zamani, naye marehemu. Mbele, namba tisa — Coleta, mke wangu! Watu kumi na mmoja, sita wako makaburini. Kwenye TV wanakimbia wote. Isdori hakuwahi kuruka vile akiwa hai, alikuwa mvivu yule.
Wafutwe? Thubutu!

Jumanne, 8 Julai
Kiongozi wa Wapya ni Vitus, fundi redio. Kijana ana adabu, aliwahi kusoma seminari. Kanisifia ile mpya kwamba hata nyasi zinaonekana moja moja. Nikamwambia nyasi nimeziona tangu nachunga ng'ombe. Shedrack, fundi cherehani wa upande wetu, akasema wachezaji wa mpya wanatembea kama wana chango. Nusura mashati yachanike.
Mama Redempta kapiga meza. Mechi mbili: Alhamisi kwa CD ya zamani, Jumamosi kwa mpya. Mabao yajumlishwe. Wapya wamemtoa Vitus. Sisi — wakanisukuma mimi! Shedrack anasema mzee ana hila. Nimepokea sifa.

Jumatano, 9 Julai
Baridi. Vidole ganzi. Coleta kanichemshia maji nivitumbukize. Kauliza vina nini. Nikasema uzee.

Alhamisi, 10 Julai
Moja bila! Moja bila!!
Niandike vizuri, nisije nikasahau utamu. Watu hadi dirishani. Vitus anacheza kama ana macho kwenye vidole. Dakika ya themanini bado bila bila, na Isdori kishaokoa mara nne, Mungu amrehemu tena. Ndipo akaingia Baltazari, katekista mstaafu. Nilimwomba mimi apite muda huo. Nilimwambia tu aje anisalimie.
Vitus ni Mfipa aliyelelewa. Mzee kama yule ukimwona unaweka chini ulichoshika, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu. Akaweka pedi chini! Akachuchumaa! Baltazari naye hana haraka — akamuuliza mama hajambo, baba hajambo, mahindi yamekauka? Vitus anajibu moja moja, jicho upande wa TV, machozi yanamlenga.
Mimi na Baltazari ni rika moja. Nikamwitikia kwa kichwa tu, pedi mkononi. Coleta akapita peke yake. Goli!
Vitus: mzee, hiyo rafu! Nikamuuliza, rafu iko wapi, mwanangu? Kusalimia wazee ndiyo rafu? Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Mama Redempta mwenyewe alijifuta machozi kwa kanga. Bao limehesabiwa.

Ijumaa, 11 Julai
Coleta karudi sokoni na sura nisiyoijua. Wauza dagaa wamempongeza kwa bao. Bao gani? Nikaeleza. Akatua kikapu. Halafu: kwa hiyo miaka arobaini na mbili ya ndoa, jambo la maana ulilonifanyia ni hilo? Akaenda jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake.

Jumamosi, 12 Julai
TUMESHINDA.
Mama Redempta safari hii kafunga mlango: hakuna wa kuingia, hakuna wa kusalimiwa. CD mpya. Timu za ugenini, majina sijui yanatamkwaje. Vitus akafunga mapema. Jumla tukawa sawa. Vitufe vinanichanganya, nikawa napiga mpira nje tu. Dakika ya themanini na nane nikabonyeza vyote kwa pamoja. Mpira ukaenda — sijui ulikoenda — ukawa ndani! Mbili kwa moja kwa jumla. Shedrack akanibeba begani hadi barabarani, mzee mzima, miguu inaning'inia. Kaengesa haifutwi!
Lakini niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Kwenye ile mpya mvua ilinyesha. Mvua kabisa, matone yanaruka, uwanja unang'aa kama mashamba yetu Januari. Nilisahau mpira, nikawa naangalia mvua.
Vitus kanisindikiza hadi nyumbani. Langoni kaninong'oneza: kanunua kadi yake mwenyewe, tupu. Kwenye ile mpya timu inabeba watu ishirini na watatu. Niende kibandani kesho saa moja asubuhi, kabla Wazamani hawajaamka.
Ishirini na watatu! Nimeshaorodhesha kumi na tisa. Shedrack akijua atanishona mdomo.
Coleta yuko hapa mlangoni. Kauliza kesho nasali misa ya kwanza au ya pili. Nikasema ya pili. Mimi, wa misa ya kwanza tangu ujana! Hajauliza kwa nini. Kumbe Vitus ananong'ona kama mnada. Kavuta kigoda, kakaa, anataka kuona karatasi — na huko kwenye mvua, anasema, yeye hakai tena mbele kukimbizwa na wanaume. Anataka kuwa kocha.