Sahani za Gololi

Jumatatu, 3 Juni

Bibi wewe, umepotea. Tangu Pasaka hujafungua daftari hili. Kalamu imekauka. Shule hukusoma, herufi umefundishwa uzeeni na mwalimu wa kwaya, halafu unaziacha zikutoroke? Kaa chini uandike.

Baridi. Nimeanika maharage. Nimekipangusa kigari cha marehemu mume wangu, kile chekundu cha milango miwili. Ujanani alishindana nacho, akakishusha mpaka kuku hapiti chini. Kila mwezi wa saba ndicho kinachonipeleka Iringa kupalilia kaburi lake, mjukuu wangu Lusajo akiendesha. Mwaka jana tairi lilipasuka karibu na njia ya Rujewa. Lilikuwa limelika upande wa ndani tu.

Lusajo kaja kunywa chai. Nikamwambia, mume wangu, huwezi kunipeleka ukweni na matairi yenye upara. Kasema, mke wangu, hayo matairi yana nywele kuliko wewe. Nimemlea tangu ana miezi minne. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume. Tunatukanana hivyo mwaka wa ishirini na saba.

Jumatano, 5 Juni

Fundi Sanga kaja. Kasema gari likishushwa sana magurudumu yanalala: juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje, kama mtu aliyetanua miguu. Dawa yake ni sahani za kemba. Vibamba vya chuma. Vinafungwa juu ya shokapu, unavisogeza, gurudumu linasimama. Ziko aina mbili. Zenye mpira katikati, laini, za barabarani. Zenye gololi, ngumu, zinagonga, za watu wa mashindano.

Nimechagua za mpira. Nyonga zangu na matuta ya Mafinga haviwezi gololi.

Lusajo kang'ang'ania gololi. Sijui kwa nini. Wa kushindana ni nani, mimi? Mwisho kasema haya, mke wangu, nitakutafutia za mpira. Kaondoka na gari.

Ijumaa, 7 Juni

Kalirudisha gari. Kasema za mpira hazipo Mbeya nzima. Kafunga za gololi bila kuniuliza. Nimenuna. Kakaa jikoni, kaota moto, kaongea mambo mengine.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Mwanjelwa mwenyewe, duka la vipuri. Za mpira zipo. Zimejaa rafu. Muuzaji ana adabu, kaniamkia, kanieleza bila kujua anachonieleza. Lusajo alizishika mkononi, akazirudisha. Alisema mwenye gari wa Iringa kaagiza za gololi, anakwenda kushindana nalo.

"Mwenye gari ni mimi," nikamwambia.

Kaanza kupangusa rafu.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo waliniuliza nataka nini katika mali ya marehemu. Shamba nikawaachia. Ng'ombe nikawaachia. Nikataka gari. Funguo walimpa Lusajo, akanikabidhi yeye mbele ya watu wote. Anajua.

Nimerudi nyumbani. Banda tupu. Kadi ya gari haimo sandukuni. Simu yake haipatikani. Nina hasira hadi meno yanauma.

Jumanne, 11 Juni

Iringa. Muuzaji wa vipuri alimjua mnunuzi, Sanga kanisindikiza. Huyo mnunuzi ni mtu mzima, Mhehe, mpole. Kigari kimo uani kwake. Kauliza mimi ni nani. Nikasema mwenye hilo gari. Kisha kasema kijana alimwambia hili gari karithi, bibi yake alishakufa.

"Marehemu ndiye mimi," nikamwambia. "Naomba maji ya kunywa."

Kaleta maji, kaleta kiti, kamwita mkewe. Hakubisha. Kasema hawezi kununua mali ya mtu anayemtazama. Kadi na funguo kanirudishia. Na Lusajo watamalizana wenyewe.

Kuuza ningemeza. Angeomba, labda ningempa. Lakini kaniua. Kanizika kwa mdomo wake, halafu Ijumaa akaja kuota moto wangu.

Alhamisi, 13 Juni

Lusajo kaja. Kasema alitaka kufungua kibanda cha simu Mwanjelwa, akaogopa nitakataa. Kajaribu kucheka.

"Kwani mali ya mke si ya mume?"

"Hapa huna mke, Lusajo. Una bibi. Tena yuko hai."

Kalia. Sikumbembeleza. Mikono ilitaka. Nimeikalia.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani, kisha nyumbani. Jana Sanga kafunga za mpira. Magurudumu yamesimama wima. Nimekaa ndani ya kigari kidogo, mlango wazi, jua linaingia. Mwezi wa saba ataendesha Sanga. Nimemtumia Lusajo ujumbe: kaburini haji mpaka awaeleze wazee wa ukoo alichosema, kwa mdomo uleule.

Mchana kaja, kasimama langoni, hakuingia. Nimepakua kande, nikaweka bakuli juu ya jiwe la langoni, nikarudi ndani. Bado kidonda. Bado nampenda, mjinga yule.

Bibi wewe, ukirudi humu usianze na gari. Andika kwanza kama bakuli lilirudi tupu.