Sitaha Imeoza, Padri Anakuja Kubariki

Shangazi Delima mpendwa, nishike mkono kabla ya Jumapili, maana siku hiyo Padri Gaudet anabariki mashua zetu hapa Baie Sainte-Marie na binti yangu Zélie ataondoka na mumewe kwenda fungate, kuvuka hadi kisiwa cha Grand Manan kwa ile mashua yangu ya matanga, ya faibaglasi, yenye umri kama wa ndoa yangu, niliyompa zawadi ya harusi, na hajui kwamba pale chini ya mlingoti sitaha inabonyea ukikanyaga, kwa sababu zamani nilitoboa matundu ya vishikio vya kamba nikakaza bolti bila kuziba, maji yakapenya hadi kwenye mbao nyepesi zilizo katikati ya matabaka mawili ya faibaglasi, zikaoza, nami mwezi wa nne nikapaka rangi mpya juu, ile ya mchanga ya kuzuia kuteleza, ikapendeza kweli. Mke wangu alikanyaga akauliza, "Alphée, hii ni sitaha au mseto wa viazi?" Nikamwambia, "Tulia, mama, Padri akimwaga maji ya baraka pale pataimarika." Naye Zélie kanikumbatia mbele ya watu: "Baba, hujawahi kunipa kitu kizuri hivi!" Nitamwambiaje? Au nimwombe Padri abariki mara mbili?

Alphée

Alphée, ndugu yangu, hongera. Mbao zimeoza kwa maji, na dawa uliyoipata ni maji zaidi! Hata yakiwa matakatifu, yatapita kwenye matundu yaleyale.

Najua inauma, lile kumbatio lilikuwa tamu. Lakini unaogopa mwanao akununie bandarini, huogopi mlingoti umwangukie huko nje?

Mwite leo, si Jumamosi. Mpe nyundo ndogo agonge mwenyewe: palipo pazima patalia ko, ko, palipooza patakuwa bubu kama baba yake. Pazungushie chaki. Kisha shusha mlingoti, kata tabaka la juu, kwangua uozo mpaka ukutane na mbao kavu, si mpaka mkono uchoke. Pakauke kabisa, hata wiki kadhaa, ndipo ubandike mbao mpya kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya, na kurudisha faibaglasi juu. Matundu ya bolti yapanue, yajaze gundi, uyatoboe upya katikati. Fungate waende kwa gari.

Jumapili nendeni wote. Padri akifika kwenu, mwambie akumwagie wewe. Sitaha aiache ikauke.